Neno "Ungwana" na Sauti ya Leonard Mambo Mbotela

Tarehe 7 Februari 2025 alifariki dunia Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye sauti yake ilijulikana Kenya nzima tangu miaka ya 1960. Wengi wamemkumbuka kwa kutangaza mpira, na kwa asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi walipomchukua nyumbani kwake na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku iyo hiyo, waasi walipokwisha kushindwa, sauti ile ile ndiyo iliyowatuliza wasikilizaji. Lakini kwa wapenzi wa lugha, jambo la kuchunguzwa zaidi ni jina la kipindi chake alichokianza mwaka 1966, "Je, Huu ni Ungwana?"

Sisi tukaao Sakina, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga na Nairobi, twapendelea kusema "uungwana". Na mtu akiambiwa afanye uungwana, hafikiri habari za nasaba, hufikiri adabu. Pwani haikuwa hivyo zamani. Muungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa watu huru, na kinyume chake ni mtumwa. Katika karne ya 19 wapagazi na askari wa misafara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au watu walioachwa huru, walijiita waungwana walipofika bara. Ndipo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikapata jina la Kingwana. Neno lilikuwa limekwisha kuanza safari yake.

Sasa tumtazame mtangazaji mwenyewe. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934, kinachosimulia habari za watu waliotekwa, wakakombolewa, wakakaa Frere Town karibu na Mombasa. Kwa hesabu ya wazee wa zamani wa pwani, mtu wa ukoo huo asingeitwa muungwana. Naye ndiye aliyeketi mbele ya kipaza sauti zaidi ya miaka hamsini akiliuliza taifa zima kama mwenendo wake ni wa kiungwana!

Tena yafaa kuangalia sarufi ya swali lenyewe. Hakuuliza "huyu ni muungwana?" Kiashiria "huu" chafuata ungwana, si mtu. Aliyesukumana katika foleni, au aliyekwenda kumtembelea mwenzake bila taarifa saa ya chakula, hakutajwa jina wala kabila. Lililopimwa ni tendo, na hukumu ikaachiwa msikilizaji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo maana ya kale ilipovuliwa kabisa. Nasaba haiwezi kuulizwa kwa "huu".

Kamusi zetu nyingi zingali zikiweka maana ya mtu huru na maana ya adabu pamoja, bila kueleza jinsi moja ilivyozaa nyingine. Atakayeandika maelezo hayo hana budi kuzitafuta kanda za kipindi hiki, kama zimehifadhiwa, kabla ya kuvitazama vitabu.