Makelele ndani ya motokari ya zamani: tuzibe ufa kabla ya kuongeza muziki

Juma hili tunazungumza juu ya jambo tunalolivumilia kila siku bila kuuliza swali: makelele ndani ya taksibasi.

Wengi wetu hapa Lubumbashi tunapanda HiAce za zamani, zile zilizotoka Japani zikiwa na usukani upande wa kuume. Tunaenda nazo Kipushi, tunaenda nazo Kasumbalesa kuchukua unga, tunaenda nazo Likasi, safari ya karibu kilomita 120. Kuna vikundi vya likelemba vilivyokusanya pesa hata vikanunua ya kwao, ili wamama wasibembeleze usafiri tena. Lakini ndani yake mama anapiga kelele ili mtoto aliye pembeni yake amsikie. Shofere anaongeza muziki ili ushinde moteri. Tunashuka vichwa vinauma, masikio yanalia kama nyuki, tunasema ni uchovu wa njia.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hapa ufa ni ufa wa kweli, na makelele yanatuonyesha mahali ulipo.

Sikio halina kipande cha kubadilisha

Ndani ya kila sikio kuna seli ndogo zenye nywele, karibu 15,000. Tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Makelele makubwa yanazichosha, halafu yanaziua pole pole, bila maumivu. Ndiyo sababu mtu hajui hasara yake mpaka siku anapoanza kuuliza «umesema nini?» kila mara.

Sauti inapimwa kwa desibeli. Katika kanuni zake za kusikiliza muziki kwa usalama, OMS inasema mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Kila desibeli 3 zikiongezeka, saa zinagawanywa kwa mbili: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 tu. Kwa watoto kipimo ni cha chini zaidi: desibeli 75 kwa saa 40. Sikio halichagui kati ya muziki na moteri, kwa hiyo hesabu hiyo inatufaa ndani ya motokari vilevile. Mama anayekaa njiani saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mara tatu kwa juma, anafikisha saa 12. Tukimkuta katika desibeli 89, amepita kipimo zaidi ya mara mbili.

Hatuna lazima ya kununua chombo cha kupima. Keti karibu na mwenzako, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Kama lazima upaze sauti ndipo akusikie, basi makelele yamekwisha kufika mahali pa hatari. Na muziki ulioongezwa juu yake haufuti kitu. Unajumlisha makelele juu ya makelele.

Pale sauti inapopita, moshi unapita

Hili ndilo jambo kubwa la makala hii. Makelele yanaingia kwa njia mbili: kupitia hewa, pale penye tundu, na kupitia bati linalotetemeka. Njia ya kwanza ndiyo inayopaswa kututia hofu, kwa sababu tundu linaloleta sauti ya moteri linaleta pia moshi wake.

Katika HiAce za miaka ya 1990, moteri iko chini ya viti vya mbele. Kiti tunachompa mama mwenye mtoto kwa heshima ndicho kiti cha joto na makelele kuliko vyote. Kati ya kiti na moteri kuna bati moja na mpira unaozunguka kifuniko. Mpira huo ukikauka au ukipotea baada ya matengenezo, hewa ya moteri inapanda moja kwa moja kwa miguu ya abiria.

Katika moshi huo kuna gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inachukua nafasi ya hewa nzuri ndani ya damu. Inaleta kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida, ikizidi, inaua. Mtoto aliye tumboni yuko katika hatari kuliko mama yake. Moteri ya mazuti inatoa gesi hiyo kidogo kuliko ya esansi, lakini moshi wake si mwema: mwaka 2012 wataalamu wa OMS wanaochunguza kansa waliuandika kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu.

Kwa hiyo, abiria kadhaa wakiumwa kichwa pamoja, na kichwa kikitulia baada ya kushuka, tusiseme ni jua. Fungueni madirisha, simamisheni motokari, shukeni wote. Mwenye kuzimia au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali upesi. Motokari hiyo isibebe watu tena mpaka fundi aone bomba la moshi.

Kutafuta matundu bila pesa

Asubuhi moja inatosha. Toeni mizigo yote, viti vinavyotoka, na tapi za chini. Halafu fanyeni majaribio haya.

Vumbi. Katika majira ya kiangazi vumbi letu jekundu linatufanyia kazi ya fundi bila malipo. Kila mahali lilipochora mstari ndani, kwenye pembe za milango, kwenye mlango wa nyuma, kando ya kifuniko cha moteri, hapo kuna njia ya hewa.

Karatasi. Fungia kipande cha karatasi katika mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa hata kidogo, mpira wa mlango umekufa mahali hapo. Endelea kuzunguka mlango wote.

Torshi. Usiku, mmoja akae ndani gizani, mwingine apitishe torshi nje na chini, moteri ikiwa imezimwa. Nuru inayoonekana ndani ni tundu.

Sikio. Motokari ikiwa imesimama mahali pa wazi, shofere akanyage mazuti kidogo. Kama makelele yanapanda, chanzo ni moteri au bomba la moshi. Kama makelele yanakuja tu wakati wa kwenda, na yanabadilika mnapotoka kwenye lami kuingia udongo, chanzo ni tairi na njia. Kama kuna mngurumo unaobadilika motokari inapokata kona, fundi aangalie belingi za magurudumu kabla ya safari nyingine.

Fundi kwanza, mapambo baadaye

Pesa ya kwanza iende kwa bomba la moshi. Masizi meusi kwenye maungio yanaonyesha mahali linapovuja. Kulifunga kwa kitambaa au waya ni kujidanganya. Lichomelewe vizuri au libadilishwe.

Pesa ya pili iende kwa mipira inayobeba moteri. Kazi yake ni kuzuia mtetemo usiingie katika bati. Ikipasuka, motokari nzima inatetemeka hata ikiwa imesimama, na hakuna tapi itakayoponya hiyo.

Tatu, mpira wa kifuniko cha moteri na mipira ya milango. Nne, tairi: zenye meno makubwa ya matope zinanguruma sana kwenye lami, na zilizoliwa upande mmoja zinapiga kama ngoma. Angalieni pia upepo wake.

Kisha kazeni vitu vidogo: boliti za viti, jeki, kidumu cha maji, funguo za fundi, vioo vinavyocheza. Vipande vya kitambaa kizito vinatosha kutuliza vingi kati ya hivyo.

Bati ni kama sufuria

Gonga sufuria tupu kwa kijiko: inalia. Weka kiganja juu yake, ugonge tena: inanyamaza. Hukuifunika yote, umezuia tu mtetemo. Bati la motokari ni vilevile. Madukani ya vyombo vya motokari kuna karatasi nzito za kubandika, nyeusi upande mmoja na aluminiamu upande mwingine. Si lazima kufunika bati lote: kubandika karibu robo yake, katikati ya kila sehemu pana, kunaleta sehemu kubwa ya faida. Bati lisafishwe mafuta na kutu, likauke kabisa, kisha karatasi isukumwe kwa nguvu ili ishikane.

Anzeni na sakafu ya mbele, halafu juu ya magurudumu, halafu milango. Paa linafuata, mkilibandika, mvua ya masika haitapiga kelele kama zamani.

Juu ya sakafu lazeni mpira mzito usio na viraka, na juu yake tapi nene. Mpira unazuia, tapi inameza. Jihadharini na mpira wa bei rahisi uliotoka migodini: unaweza kubeba vumbi la madini, na watoto wetu wanaweka mikono chini kisha mdomoni.

Mambo ya kukataa

Tukatae povu la matela. Linanyonya maji, linaozesha bati, na likishika moto linatoa moshi wa sumu. Karibu na moteri ni vitu visivyoshika moto tu vinavyoruhusiwa.

Tukatae lami ya barabara. Inalainika kwa joto na harufu yake haitoki.

Tukatae kuziba matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango, na njia za hewa safi. Tunaziba njia za moshi na vumbi, hatuzibi pumzi.

Tukatae kufunika nyaya zilizochunika. Fundi wa umeme apite kwanza.

Leo, kabla ya pesa kupatikana

Hata mama asiye na motokari ana la kufanya. Keti na mtoto katika viti vya katikati. Kwa kawaida ni mbali na moteri na mbali na moshi wa nyuma. Usimlaze mtoto karibu na kipaza sauti. Mwambie shofere kwa upole: «Baba, tunaomba upunguze muziki, mtoto amelala.» Wamama wanne wakisema pamoja, muziki unapungua. Na baada ya siku ya makelele, pumzisha masikio jioni; usimpe mtoto simu yenye sauti kubwa sikioni.

Kwa kikundi chenye motokari, tunaomba jambo hili liwekwe katika mkutano unaokuja. Leteni maswali matatu. Bomba la moshi lilitazamwa lini na nani? Kifuniko cha moteri kina mpira wake? Shofere wetu anasikia sawa, au tumezoea kumpigia kelele? Msimsahau huyo. Yeye anakaa juu ya moteri siku sita katika juma, na shofere aliyechoshwa na makelele ni yule anayechelewa kusikia honi ya lori.

Kama pesa ya likelemba ni kidogo, gawanyeni kazi kwa miezi: mwezi huu bomba, mwezi ujao mipira, tapi mwisho. Msikubali mtu awauzie tapi nzuri kabla ya bomba kutengenezwa. Motokari iliyofunikwa vizuri juu ya bomba lililotoboka ni mbaya kuliko ile yenye makelele, kwa sababu imenyamazisha ile sauti iliyokuwa inatuonya.

HiAce ya miaka 30 haitakuwa kimya kama chumba cha kulala. Kipimo chetu kiwe hiki: mama na mtoto wake wakiongea kwa sauti ya nyumbani, mtu wa kiti cha nyuma hasikii harufu ya moshi, na shofere anatambua mara moja moteri ikianza kulia vibaya. Kikundi kitakachofika hapo kitufikishie habari, ili wengine wajifunze kwenu.