Eksirei ya Jino: Picha au Pigo?

Kitenzi "piga" kina mambo. Mtu hupigwa picha akatabasamu. Hupigwa na radi akafa. Akiwa na jino bovu hupigwa eksirei, na asipoelezwa hujiamulia mwenyewe ni pigo la namna gani.

Huko Kilelengwani, katika delta ya Mto Tana, nimemsikia mzee akisema, "Mwanangu, heri maumivu yangu kuliko kuchomwa na miale ile." Sikumcheka, kwani hofu hiyo ina asili. Wilhelm Röntgen aliigundua miale hiyo mwaka 1895, akaiita X kwa kuwa hakuijua. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans, alizoea kuishika filamu kwa vidole vyake kinywani mwa wagonjwa. Alipatwa na saratani, akakatwa vidole, kisha mkono, akafa mwaka 1928.

Lakini Kells alipigwa na miale hiyo miaka mingi bila kinga. Leo picha moja ndogo ya jino humpa mgonjwa takriban milisiveti 0.005. Mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na katika chakula, hutupa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Hivyo picha hiyo haizidi mionzi ya asili ya siku moja. Kwa upande mwingine, usaha uliojificha kwenye ncha ya mzizi wa jino huweza kuenea hadi shingoni na kumwua mtu. Je, lipi la kuogopewa zaidi?

Hata hivyo, udogo wa kipimo si ruhusa ya kupiga ovyo. Picha hustahili pale tu ambapo jibu lake litasaidia kuamua matibabu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: Mnatafuta nini? Je, picha yangu ya awali haitoshi? Mjamzito naye aseme mapema, na mtoto apunguziwe kipimo.

Walimu wenzangu, wanafunzi wetu wa sekondari husoma fizikia kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Garsen anaweza kuuchora mtambo wa eksirei katika mtihani, kisha akashindwa kumweleza nyanya yake aliyevimba shavu. Tuwape zoezi: aya moja, kwa Kiswahili, Kipokomo au Kiorma, inayoeleza eksirei ya jino ni nini, hudhuru kwa kiasi gani na hufaa lini. Kisha waende nayo nyumbani, wakaisome kwa sauti.