Waya Uliotoa Habari za Kilindini

Katika karne ya kumi na tisa maulamaa wengi wa Ulaya waliifuata kauli ya Edward Forbes, kwamba kupita pima 300 bahari haina kiumbe chochote kilicho hai, kwa ajili ya giza, baridi na uzito wa maji; na kauli hiyo ilikuwa ingali ikiheshimiwa mwaka 1860, ulipoopolewa waya wa simu ya maandishi uliokatika baina ya Sardinia na Algeria, sehemu yake ikitoka kilindini zaidi ya pima 1,000. Waya haukupanda mtupu. Alphonse Milne-Edwards, alipovichunguza vipande vyake mjini Paris, aliona matumbawe, chaza na konokono, na baadhi yao wameota juu ya waya wenyewe wakilifuata umbo lake, hata isiwezekane kudai kwamba walinaswa njiani ulipokuwa ukivutwa. Wenye waya walitaka salamu zifike upesi, wala hawakuwa na haja na konokono; ila elimu haikosi kupita mlango wa uani.

Nyaya za zama hizo, mfano ule uliofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, zilikuwa na moyo wa shaba uliovikwa utomvu wa miti ya nchi za Kimalaya. Mkongo wa leo una nyuzi za kioo zipitishazo nuru, na katika maji makuu unene wake haupiti sana ule wa mpira wa kumwagilia bustani, hivyo ukilala juu ya tope hauwaudhi sana viumbe. Karibu na pwani hufukiwa, na huko ndiko ningependa hadhari izidi, penye matumbawe na nyasi za baharini. Huko huko ndiko nao unakodhulumiwa zaidi, kwa nanga za meli na nyavu za kukokota.

Bahari nayo ina mkono wake. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1929 ardhi ilitetemeka kusini ya Newfoundland, na nyaya 12 zikakatika: za karibu papo hapo, na za mbali, huko chini ya mteremko, mmoja baada ya mwingine kwa muda upatao saa 13. Kwa kuwa dakika uliyonyamaza kila mmoja ilikuwa imeandikwa, Bruce Heezen na Maurice Ewing, mwaka 1952, walizipanga nyakati zile wakabainisha kwamba ulipita mto wa tope na mchanga, ukienda mbio chini ya maji, na kasi yake wakaikadiria. Januari 2020 mto wa namna hiyo ulishuka katika bonde lililo chini ya bahari mbele ya mlango wa Mto Kongo, ukakimbia zaidi ya kilomita 1,000 na kukata mikongo ihudumiayo Afrika Magharibi. Na vyombo vya wachunguzi vilivyokuwa vimetiwa nanga humo bondeni viling'olewa, vikaibuka juu ya maji kimoja kimoja, vikitoa habari ya mahali vilipo.