Tusibahatishe Injini: Funzo la Pikapu Moja ya Kasese

Askari huisafisha bunduki yake kila siku, lakini mara nyingi huisahau pikapu inayompeleka kwenye zamu. Jambo hili tulilishuhudia mjini Kasese asubuhi moja ya mvua, tulipokuwa tukingoja kusafiri hadi Bwera pamoja na askari watano. Pikapu yao ilikuwa kuukuu, ya petroli, yenye silinda 4. Ilipowashwa na kuachwa ingurume imesimama, ilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Mara ngurumo ilipwaya, mara ilikaribia kuzimika. Dereva alipokanyaga mafuta, ikatulia. Dereva huyo, koplo mwenye miaka mingi kazini, alitueleza kwamba alikwisha kubadili plagi zote na kuifungua kabureta mara mbili. Fedha zilikuwa zimekwisha, na ugonjwa ulikuwa palepale.

Barabara ya Bwera haifai kusafiriwa kwa kubahatisha. Kutoka Kasese huelekea kusini hadi Kikorongo, kando ya Hifadhi ya Queen Elizabeth wanamotembea tembo na nyati. Hapo msafiri huiacha njia ya Mbarara, akageuka magharibi mwendo wa karibu kilomita 40 hadi Bwera na Mpondwe, ambako mto Lhubiriha huitenga Uganda na Kongo. Wakazi wa huko hawajausahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023, washambuliaji walipoivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua wanafunzi wengi na kukimbilia upande wa Kongo. Mahali pa namna hiyo, gari linalozimika njiani ni zamu isiyofika.

Basi tuliongozana na koplo hadi kwa fundi mmoja mzee. Hakugusa spana hata moja. Aliuliza kwanza: “Afande, hutetemeka ikiwa baridi, au hata ikiisha kupata moto?”

“Wakati wote, mzee.”

“Ikiwa mwendoni?”

“Mwendoni hutulia.”

“Na kitu gani kingine kimebadilika katika gari hili?”

Koplo alifikiri. “Breki imekuwa nzito kidogo, lakini hiyo ni habari nyingine.”

“Gari ni moja, afande,” mzee akajibu.

Hapo ndipo tulipoona tofauti ya kupima na kubahatisha. Injini huhitaji mambo manne: cheche, hewa, petroli na mgandamizo ndani ya silinda. Fundi huanza kwa kutafuta ni silinda ipi isiyofanya kazi. Mzee alizima injini, akachomoa waya wa plagi ya kwanza, akauunganisha na plagi ya akiba iliyogusa chuma cha injini, ndipo akaiwasha tena. Hufanya hivyo kwa sababu waya ulioachwa ukining’inia huweza kumpiga mtu umeme, na katika magari yenye mtambo wa cheche wa elektroniki huweza kuuharibu mtambo wenyewe. Alirudia kwa kila silinda. Mara zote nne ngurumo ilishuka. Maana yake ilikuwa wazi: silinda zote zilikuwa zikifanya kazi, na zile plagi mpya zilinunuliwa bure.

Kama ngurumo isingebadilika kwenye silinda moja, hiyo ndiyo ingekuwa mgonjwa. Hapo hubadilishana plagi yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama, plagi ndiyo mbovu; usipohama, jaribu waya. Ukibaki palepale, pima mgandamizo. Ukiwa mdogo, tia kijiko cha oili ndani ya silinda na upime tena: ukipanda, ringi za pistoni zimechakaa, usipopanda, shuku valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, shuku gasketi iliyo kati yao.

Plagi yenyewe nayo husema. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli kupita kiasi, au chujio la hewa lililozibwa na vumbi. Ikilowa oili, ringi au valvu zinapitisha. Ikilowa petroli, huenda cheche haifiki. Gari likisumbua baada ya mvua tu, fungua kofia ya distribyuta, uikaushe, utazame kama ina ufa. Usiku inua boneti injini ikinguruma: cheche za buluu zikirukaruka juu ya waya huonyesha mahali umeme unapotoroka.

Lakini gari la koplo halikuwa na dalili hizo. Injini inayotetemeka ikisimama na kutulia ikikimbia huelekeza kwenye mambo mawili hasa: tundu dogo la kabureta linalolisha injini isipokanyagwa mafuta limeziba, au hewa inaingia kwa njia ya wizi. Mzee alizungusha skrubu ndogo ya kabureta. Ngurumo ikabadilika, hivyo tundu halikuwa limeziba. Ndipo akatega sikio, akasikia mlio mwembamba kama wa nyoka. Kwa koleo lililofungwa kitambaa akaubana mpira utokao kwenye bomba la kuingizia hewa kwenda kwenye chombo kinachosaidia breki. Papo hapo injini ikatulia. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, pasipoonekana kwa urahisi. Hewa iliyopenya ilipunguza nguvu ya petroli, na ufa huohuo uliiondolea breki msaada wake.

Tulitazamana. Kwa majuma mengi koplo alikuwa akipigana na kabureta, kumbe hatari ilikuwa chini ya mguu wake.

Mpira mpya ulifungwa na kubanwa kwa klipu. Mzee alionya pia kwamba mtu asitafute hewa ya wizi kwa kunyunyiza petroli juu ya injini yenye moto. Maji kidogo yanatosha. Kwa pikapu ya dizeli, alisema, kanuni ni ileile ya kupima silinda moja moja, lakini kazi hiyo aachiwe fundi, kwa kuwa dizeli itokayo kwa nguvu ya pampu huweza kupenya ngozi.

Tulifika Bwera kabla ya adhuhuri. Kwenye kituo, koplo hakushuka mara moja. Alitoa daftari la gari, akaandika tarehe, dalili alizoziona, vipimo vilivyofanywa na mpira uliobadilishwa, ili askari atakayepokea funguo baada yake asianze tena kwa kununua plagi.