Redio ya Motokaa ya Zamani

Katika vitu vya kale vinavyotafutwa kwa bidii na wapenda motokaa huko Ulaya na Marekani, redio ya gari ni miongoni mwa vilivyo adimu. Gari huweza kukaa ghalani miaka hamsini likasalimika, lakini redio yake ya asili aghlabu iling'olewa zamani, ikatiwa mpya, nayo ikatupwa.

Mwaka 1930, Paul Galvin na nduguye Joseph walitoa huko Chicago redio ya gari waliyoiita Motorola. Mwaka 1932 Wajerumani wa Blaupunkt wakafuata na Autosuper AS 5. Kisha mwaka 1953 ikaja Becker Mexico, ambayo hujitafutia stesheni yenyewe. Na hiyo, kwa bei zake za leo, si ya mtu wa mfuko mwembamba.

Mtafutaji huenda Beaulieu, Uingereza, kwenye soko la Septemba, au Hershey, Marekani, mwezi wa Oktoba. Asidanganywe na uso unaong'aa. Kwanza aulize umeme wake. Volkswagen za mgongo wa kobe zilitumia volti 6 hata kufikia miaka ya 1967 na 1968, na gari nyingi za Kiingereza za zama hizo zilifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi. Redio ya transista ikifungwa kinyume, huungua mara moja.

Akishaipata, asithubutu kuiunganisha na betri ili "kujaribu tu". Hapo ndipo nyingi zilipoharibikia. Redio za vali zahitaji umeme mkali kuliko wa betri, basi ndani yake mna kidude kinachotetema, vaibreta, kinachokatakata umeme mara mia na zaidi kwa sekunde, ili transfoma iupandishe kupita volti 200. (Umeme huo huua, mikono ya watoto ikae mbali.) Kandokando ya transfoma mna kapasita, na za karatasi iliyopakwa nta huvuja zikizeeka. Ile iliyofungwa kwenye transfoma ikifa, huiunguza transfoma nzima, na transfoma ya namna hiyo haipatikani kwa urahisi. Basi kapasita hizo hubadilishwa zote kabla ya kuwasha, na ncha za vaibreta zilizoshika kutu husafishwa. Vali, kinyume cha watu wanavyodhani, mara nyingi bado ni nzima. Spika iliyopasuka huzibwa kwa karatasi nyembamba na gundi.

Wako wanaotoa matumbo yote wakatia mashine ya kisasa nyuma ya uso wa zamani. Sisi hatuwalaumu wenye safari ndefu, ila hicho walichobaki nacho ni ganda.

Lakini wanaohifadhi asili wana msiba mwingine: kituo cha Deutschlandfunk cha Ujerumani kilizima mawimbi yake marefu mwisho wa mwaka 2014, na ya kati mwisho wa 2015, na wengine Ulaya wamefanya vivyo hivyo. Fundi hutoka jasho miezi, akawasha, akasikia mvumo mtupu. Baadhi yao huweka garini chombo kidogo kinachorusha mawimbi dhaifu ya kati, hatua chache tu, kikichukua sauti kutoka kwenye simu. Wengine hungoja usiku, mawimbi hayo yafikapo mbali zaidi, wakazungusha kitufe polepole mpaka sauti ya nchi nyingine itokee.