Slabu ya Choo ni Nzito: Tulinde Mikono Yetu

Katika vijiji vya Mbeya na Iringa, slabu za vyoo mara nyingi hutengenezwa papo hapo na wanakijiji wanaojitolea. Winchi hakuna, kuna mikono tu. Mkono ukipondwa, mkulima anaweza kukosa kushika jembe msimu mzima.

Kwanza tujue uzito. Mita moja ya ujazo ya zege ina takriban kilo 2,400. Slabu ya mita 1.2 kwa 1.2, yenye unene wa sentimita 8, ina kilo zipatazo 276: zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 100. Ikitengenezwa kwa vipande vinne, kila kimoja kina kilo 69 hivi.

Hatari kubwa iko wakati wa kushusha, vidole vikiwa bado chini. Kwa hiyo tunashauri:

- Zege limwagiliwe maji angalau siku 7 kabla ya kusogezwa.
- Vishikio vya nondo viwekwe wakati wa kumwaga zege.
- Slabu iinuliwe kwa mtaimbo, kisha iegemezwe juu ya vipande vya mbao. Mkono usipite chini yake kamwe.
- Kwenye mteremko, izuiwe kwa kamba; mtu asisimame upande wa chini.
- Mtu mmoja tu atoe amri.

Glovu huzuia michubuko, hazizuii kupondwa.

Tunaziomba kamati za parokia zimteue msimamizi kabla ya kazi kuanza. Nanyi wafadhili wetu, mitaimbo na kamba vihesabiwe katika bajeti pamoja na saruji.