Tablo ya kuranti nyumbani: kuipanga vizuri namna gani?



Nyumba inaungua usiku, na asubuhi watu wanasema: ni kuranti. Wengine wanasema ni ulozi. Mjini Bukavu, katika mitaa ya nyumba za mbao zilizosongamana kama Kadutu, tumezoea sana habari hiyo. Lakini kuranti haiunguzi nyumba hivi hivi tu. Inatafuta mahali pabaya, na mara nyingi mahali pale ni ndani ya tablo, kile kisanduku kinachopokea kuranti toka konteri na kuigawanya katika vyumba.

Tulisaidia fundi mmoja kutengeneza tablo ya nyumba moja karibu na shule. Ilikuwa ubao tu, umepigiliwa juu ya mlango wa jikoni, bila kifuniko. Waya nane zilitoka kwenye fizibu mbili. Hapa zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa skochi iliyokauka, pale zimesongwa mbili katika tundu moja. Na ndani ya fizibu, mahali pa kale kawaya kembamba, mtu alitia kipande cha waya nene ya shaba. Mwenye nyumba alijisifu kwamba fizibu yake haikatikake hata siku moja.

Tusimame hapo kidogo, maana hatari yote iko hapo. Kazi ya fizibu ni kukatika! Waya ya ampulu, ile ya milimeta za mraba 1.5, inalindwa na fizibu ya amperi 10. Ukitia kipande cha waya ile ile ndani ya fizibu, hakitayeyuka mpaka kuranti ipite amperi 100. Sababu gani? Shaba inayeyuka kwa digrii 1085. Lakini plastiki inayovika waya ukutani, kwa kawaida, imefanywa kuvumilia digrii 70 tu. Basi mbele ya fizibu ile ya uongo kukatika, plastiki imekwisha kuharibika zamani, na mbao za kando zimeshika moto.

Tufanye hesabu ya darasani. Resho ya wati 2000 kwa volti 220 inavuta amperi 9 na kidogo. Resho mbili ni 18. Ongeza fero ya wati 1000, tunapita 22, vyote juu ya waya moja nyembamba. Na Joule ametufundisha kwamba kuranti ikizidi mara mbili, joto linazidi mara ine.

Fundi alikata kwanza dizonkteri kubwa, kisha akapima kwa chombo, si kwa kidole, kama waya zimekufa kweli. Tufahamu vizuri: waya zinazotoka konteri na kuingia katika dizonkteri ile zinabaki na kuranti hata ikikatwa. Hizo pamoja na konteri ni kazi ya watu wa SNEL. Mwanafunzi asiziguse, hata akipata 90 kwa 100 katika fizika.

Kazi iliyokula wakati ni kujua kila waya inaenda wapi. Mmoja wetu alikaa kwenye tablo na testeri, mwingine chumbani, tukaitana kwa sauti, na kila waya tukaifunga karatasi yenye jina. Moja ilipita chini ya mabati mpaka nyumba ya jirani, na hakuna aliyekumbuka nani aliipitisha!

Kisanduku kipya kiko na kifuniko, na kimewekwa juu ya ukuta wa simenti, mbali na mvuke wa sufuria. Ndani yake kila njia iko na dizonkteri yake ndogo: amperi 10 kwa ampulu na waya ya 1.5, amperi 16 kwa prizi na waya ya 2.5. Kila resho ilipata njia yake peke yake, nayo ni waya ya 2.5 na dizonkteri ya 20. Waya ndiyo inachagua dizonkteri. Kama dizonkteri inakata kila siku, tupunguze vyombo ao tupitishe waya nene zaidi. Kuweka dizonkteri kubwa juu ya waya ile ile ni kurudia fizibu ya uongo. Waya za buluu, ndizo netri, zote zilienda kwenye shaba yao moja, na zile za kijani na manjano, za udongo, kwenye shaba yao nyingine. Hakuna skochi tena.

Juu ya zote fundi alitia dizonkteri diferensiali ya miliamperi 30. Hiyo haichungi waya, inachunga mtu. Inalinganisha kuranti inayoenda na ile inayorudi. Kama kidogo kinapotea, labda kwa kupita katika mwili wa mtoto anayeshika frigo yenye kuvuja, inakata mara moja. Bei yake iko juu, kweli. Lakini tumeona nyumba zilizopakwa rangi mpya na diferensiali hakuna.

Kisha mwezi mmoja tutarudi pale, tukate kuranti, na tukaze vizuri vifunga vyote tena. Shaba ikibanwa inalala pole pole na kulegea, na kiungo kilicholegea kinapata moto hata kama dizonkteri ni ya kipimo chake.